Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Yale Maji ya Fedha

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku Tanga sote wazima, baba yako anakusalimu sana. Tangu juzi nalala na swali lako na kuamka nalo: "Mama, nikinywa maji ya fedha kila siku, miaka nenda miaka rudi, kiasi gani hakitanibadilisha rangi?" Yaani hayo maji yenye chembechembe za madini ya fedha unayoyanywa kama dawa ya mafua. Kwenye simu nilikujibu kwa hasira, unisamehe. Leo nakuandikia ili usome taratibu.

Fedha inaua vijidudu, hilo sikatai. Miaka niliyokuwa wadi ya walioungua, watoto waliomwagikiwa na uji nimewapaka krimu yenye fedha kwa mikono yangu hii. Lakini ilikuwa juu ya kidonda, kwa siku za kuhesabika, basi. Kuinywa ni jambo jingine kabisa. Mwili unahitaji chuma, unahitaji madini joto. Fedha haina kazi yoyote humo ndani. Nyingi hutoka na choo, na ile inayobaki hujikusanya kwenye ngozi na viungo vya ndani, kidogo kidogo.

Studio ya marehemu babu yako unaikumbuka? Kile chumba cha giza alichotukataza tusifungue mlango? Karatasi zake za picha zilikuwa na chumvi ya fedha. Mwanga ukipenya, karatasi inasawijika, na yenyewe hairudi kuwa nyeupe. Ngozini ni vivyo hivyo. Jua likipiga uso na mikono, fedha iliyolala humo hugeuka, na ngozi inakuwa ya kijivu chenye ubuluu. Madaktari wanaita argiria. Kuna waliopigwa miale ya leza wakapata nafuu, kwa gharama kubwa. Dawa za kutoa madini mwilini haziiondoi.

Sasa hesabu uliyoitaka. Shirika la mazingira la huko Marekani liliweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na liliweka kwa kuhofia hiyohiyo rangi. Wewe una kilo 60, kwa hiyo mikrogramu 300. Maji yenye miligramu 10 za fedha kwa lita, yaani mikrogramu 10,000, kijiko kikubwa kimoja cha mililita 15 kina mikrogramu 150. Unasema unakunywa viwili asubuhi na viwili usiku. Hiyo ni 600, mara mbili ya kikomo. Na hapo nimekubali kwamba maji yako yana miligramu 10. Nani kapima? Umeniambia mwenzako wa chumba anayatengeneza mwenyewe kwa nyaya mbili za fedha na betri. Leo ameacha nyaya nusu saa, kesho amesahau saa mbili. Siwezi kukupa kipimo cha kitu ambacho hata anayekitengeneza hajui kina nini.

Paul Karason naye alijitengenezea nyumbani, hukohuko Marekani. Alianza kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi usoni. Akawa anakunywa na kujipaka, miaka zaidi ya kumi. Mabadiliko yalikuja polepole mno, yeye mwenyewe hakuyaona mpaka rafiki aliyepotezana naye alipomuuliza amejipaka nini. Watu walimwona kwenye televisheni mwaka 2008, uso mzima buluu. Alifariki 2013 akiwa na miaka 62, rangi ikiwa palepale.

Tena mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishatamka tangu 1999 kwamba dawa za dukani zenye maji haya hazitambuliki kuwa salama, wala kwamba zinatibu ugonjwa wowote. Ndiyo maana wanayauza kwa jina la virutubisho. Najua mafua ya baridi ya Ohio yamekuchosha, mwanangu, najua hospitali huko ni ghali. Lakini unahatarisha uso wako kwa kitu kisichokuponya hayo mafua.

Linaloninyima usingizi zaidi ni kidonge chako cha tezi ya shingoni. Fedha inaweza kuzuia dawa ile isifyonzwe vizuri, na baadhi ya antibayotiki pia. Uchovu unaoulalamikia tangu Novemba, sishangai ukitokea hapo. Mpigie daktari wako, mwambie wazi umekunywa nini na kwa muda gani, akupime upya homoni ya tezi. Kidonge chenyewe usikiache. Maji hayo yaache leo.

Na jambo moja nifanyie. Ngozi yetu nyeusi inaweza kuficha mwanzo wa mambo, ila fizi huwa zinatangulia kuonyesha. Kesho asubuhi simama dirishani penye mwanga wa kutosha, vuta mdomo wa chini, piga picha ya fizi. Piga na kucha, pale kwenye mwezi wake, ule weupe wa shinani, na weupe wa macho. Nitumie zote kabla hujaenda kazini. Nitakuwa nimekaa na simu.

Mama yako