Barua kutoka Mitla: mji na mawe yake

Mitla, Oaxaca, Meksiko

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, tunaomba nanyi Unguja mu wazima. Uliuliza huu ni mji wa namna gani. Wewe ni mwashi, basi nitakueleza kwa mawe yake.

Kabla ya mawe kulikuwa na shamba. Katika pango la Guilá Naquitz, karibu na hapa, zilifukuliwa mbegu za maboga ya kulimwa za miaka kama 10,000 iliyopita, na magunzi ya mahindi, madogo mno, ya miaka 6,250 hivi. Mahindi ya ugali wetu asili yake ni nchi hii.

Wazapoteki, wenyeji wa Oaxaca, ndio waliojenga majumba. Monte Albán, mji wao mkuu wa awali, ulipofifia, Mitla ukawa mji wao mkuu wa ibada na maziko ya wakubwa. Jina lenyewe ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, mahali pa wafu; Wazapoteki wenyewe waliuita Lyobaa, mahali pa kupumzikia.

Sasa sikiliza uashi wao. Ndani ya ukuta ni udongo na mawe ghafi. Nje wamevika jiwe la majivu ya volkano, ambalo likitoka machimboni ni laini, likikaa hewani linakuwa gumu. Walichonga jiwe kwa jiwe, hawakuwa na vyombo vya chuma. Kila kipande cha nakshi kina mkia nyuma unaozama kwenye udongo, na nyuso zinakutana bila chokaa katikati, hata wembe ni shida kupita. Ukumbi mmoja una mita 38 kwa 7. Unajua boriti za mikoko zinavyotulazimisha vyumba vyembamba. Wao walisimamisha nguzo sita katikati, kila moja jiwe zima, boriti zikapata pa kuegemea.

Wahispania walipotawala, karne ya 16, walibomoa sehemu ya majumba ya kaskazini, na mawe yaleyale wakajengea kanisa la San Pablo papo hapo. Ukisimama uani mwake utaona nakshi za kale zinagusana na kuta za kanisa. Wenyeji nao walichukua mawe kwa nyumba zao. Leo watu wanafuma nguo na kupika mezkali, pombe ya mmea wa jamii ya mkonge, na tangu 2010 mapango ya Yagul na Mitla yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Adui ni maji. Paa za kale zimekwisha, mvua ikiingia juu ya ukuta udongo unavimba na kusukuma nakshi nje. Ukiziba kwa saruji unaharibu zaidi: ni ngumu kuliko jiwe, inafungia unyevu ndani, na jiwe linamenyuka kwa chumvi. Ni ugonjwa uleule wa kuta zetu za matumbawe. Ule ukuta wa msikiti wa mtaani, kama hawajaanza kuukarabati, tafadhali waambie: paa kwanza, kisha chokaa iliyolowekwa vizuri, saruji wasiiguse.

Nisalimie mkaza mjomba na watoto wote.

Mpwa wako