Mlipuko wa kuhara ufuatwe hadi kwenye mtungi

Mhariri,

Naandika kuhusu uchunguzi wa milipuko ya maradhi ya tumbo yanayoletwa na enterovirusi, yaani virusi vinavyozaliana ndani ya utumbo. Kuhesabu wagonjwa hospitalini hakutoshi. Virusi hivi huendelea kutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa hata mtoto akishapona, na huku kwetu Mathare mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya majitaka. Lipo moja lililozibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na hapo ndipo tunapojaza mitungi kila asubuhi.

Naomba maafisa wa afya wachukue sampuli za kinyesi na za maji kwa pamoja, na waulize kila familia ilichota wapi na mgonjwa alianza kuhara lini. Wazazi nao wasikimbilie antibiotiki, haziui virusi.

Mzazi, Mathare, Nairobi