Msikifiche kidole gumba cha gitaa kavu

Mhariri,

Hoja moja hurudi kila mara panapozungumzwa gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme: kwamba wapigaji wetu hawasikiki vizuri kwa sababu hawana studio kubwa. Naomba nafasi niipinge, na shahidi wangu ni Mwenda Jean Bosco, mpigaji gitaa wa Kongo.

Bosco alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930, akaimba kwa Kiswahili cha kwao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na ndipo ulipopatikana wimbo wa "Masanga". Tracey alizoea kufanya kazi na maikrofoni moja, mara nyingi kaishika mkononi, akiisogeza kuelekea kile alichotaka kisikike. Hakuwa na njia ya kupunguza sauti hii na kuongeza ile baadaye. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, basi mpigaji alijua mapema aanzie wapi na amalizie wapi.

Sikiliza kidole gumba chake. Mkono wa kulia unatumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kuyumba. Cha shahada kinadonoa sauti ya wimbo kwenye nyuzi nyembamba, mara pamoja na gumba, mara katikati ya pigo na pigo. Anayesikia mara ya kwanza huapa kuwa ni magitaa mawili. Uzuri wote umo katika kupishana huko, na wapigaji wa magharibi mwa Kenya, George Mukabi akiwa mmoja wao, waliuendeleza kwa namna yao huku chupa ya soda ikikwaruzwa pembeni.

Sasa tazama tunavyorekodi leo. Maikrofoni inaelekezwa kwenye tundu la gitaa, mahali panapotoa mvumo mzito, na gumba linageuka ngurumo isiyo na noti. Fundi akiona hivyo anakata besi yote chini ya hezi 120 (hezi ni mitikisiko kwa sekunde; kadiri zinavyopungua, sauti huwa nzito). Lakini uzi wa sita, ulio mnene kuliko zote, ukipigwa bila kubonyezwa hulia hezi 82! Amemkata mwanamuziki mguu. Kukata chini ya hezi 60 kunatosha kuondoa mtikisiko wa sakafu na magari.

Dawa ni kusogeza maikrofoni. Iweke sentimita 30 hivi kutoka pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa, karibu na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), kisha uigeuze kidogo kuelekea tundu bila kulitazama moja kwa moja. Besi ikizidi, geuza kuelekea shingo. Ikikonda, rudi kidogo. Mpigaji akiimba, rudi nyuma hadi sentimita 50 au 60, usawa wa kifua. Sauti yake ikiufunika uzi, usiguse kitufe chochote: shusha maikrofoni upana wa kiganja, rekodi nusu dakika, sikiliza tena.

Simu nayo inafaa, ila ina hila mbili. Ya kwanza ni kujirekebisha sauti yenyewe: gumba likipiga kwa nguvu simu inashusha kila kitu, halafu inapandisha polepole, na unasikia pumzi ya chumba ikipanda na kushuka. Ya pili ni kichujio cha kelele, kilichotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Mlio wa uzi unaofifia kinauona kelele na kuukata. Tafuta programu inayoruhusu kuzima vyote viwili na kuhifadhi faili la WAV, lisilobana wala kupunguza sauti, biti 24 na hezi 48,000 ikiwezekana. Kilele cha sauti kisipite desibeli 12 chini ya sifuri, kikomo ambacho sauti ikikivuka hupasuka. Zima mtandao. Simu ilale juu ya taulo iliyokunjwa, si kwenye meza inayoguswa na mguu unaopiga mdundo.

Kuhusu chumba sina mengi: godoro limeegemezwa ukutani nyuma ya mpigaji, mapazia mazito, friji na feni zimezimwa, kiti kisicholia. Chini ya bati, subirini mvua ipite. Vifungo vya shati vinavyosugua mgongo wa gitaa husikika kuliko watu wanavyodhani.

Nyuzi zibadilishwe siku moja au mbili kabla, zivutwe na kutuniwa upya mpaka zitulie. Uzi mnene uliochakaa hujaa jasho na uchafu kwenye misokoto yake, noti yake ikawa butu na tuni haikai. Wanaofunga penseli kwa mpira badala ya kapo, kile kibano cha nyuzi shingoni, waisukume karibu kabisa na freti. Shingo ikiwa na mviringo, penseli hubana nyuzi za katikati na kuziacha za kandoni zikikwaruza, kwa hiyo jaribu kila uzi peke yake. Baada ya kufunga, tuni upya, maana mbano wowote hupandisha sauti.

Nawaomba mafundi waache pia kumvalisha mpigaji wa peke yake hedifoni yenye mdundo wa mashine. Mdundo huo huvuja na kuingia kwenye maikrofoni, na mbaya zaidi, gumba linaacha kuongoza na kuanza kufuata. Mwache apige wimbo mzima mara tatu, kisha chagua mmoja. Ukiunganisha vipande, mlio wa noti zilizotangulia hukatika kwenye kiungo na sikio hulijua hilo hata lisipoweza kulieleza. Wala msinakili sauti moja na kuichelewesha kidogo ili ionekane pana. Kwenye redio au simu ya spika moja nakala hizo huzimana kwenye baadhi ya noti, na lile gumba nalo linaweza kupotea.

Maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 ipo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Fundi anayetaka kupima kazi yake airekodi leo jioni, aisikilize mara moja, kisha aweke Bosco wa 1952 kwenye spika ileile na kusikiliza gumba tu.

Fundi wa kurekodi,
Mwanza