Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lamu

Asalaam aleikum wanachama wa chama chetu cha wanasesere.

Shughuli za kawaida mwazijua, sitawachosha. Vikao vilifanyika, meza ya maonyesho ilipangwa, na kodi ya chumba hatudaiwi. Kati ya mabwana waliokuja mezani kutucheka, eti watu wazima na ndevu zetu twawavisha wanasesere, wawili sasa ni wanachama. Ada hawajalipa.

Nije kwenye viatu vya wanasesere, maana najua ndivyo vilivyowaleta wengi leo. Mkutano uliopita ulitaka pesa za mfuko ziagize buti kutoka Hong Kong. Mimi nikazielekeza kwa fundi wa makubadhi ya ngozi, na tangu hapo nasikia kwamba mwenyekiti ajifanyia mambo. Basi nisikizeni.

Wanasesere wetu wa kike ni wa kipimo cha moja kwa sita cha mtu, urefu wa karibu sentimita 30, lakini miguu yao hailingani. Wengine wayo huchomoka kifundoni, na buti yao huja na kijiti chake cha kuchomeka. Wengine wayo na mwili ni kitu kimoja. Shehena iliyoagizwa kabla sijashika uongozi ilikuwa ya kuchomeka yote, na nusu yake ingali kwenye droo ya mweka hazina. Mlitaka tuongeze droo?

Kuna walioniambia tununue viatu vya Barbie, ni rahisi. Barbie tangu 1959 mguu wake kwa kawaida umesimamia vidole, na ni mwembamba, ingawa siku hizi wapo wa wayo bapa. Kiatu chake cha kawaida hakimwingii mwanasesere wa kipiganaji mwenye wayo bapa. Buti za wanasesere wa kiume nazo ni kubwa, wa kike huvaa akapwaya. Tena viwandani wanasesere wa kiume hupewa buti za kazi, ila wa kike, hata wa kukimbia na bunduki, mara nyingi hupewa visigino virefu. Mwanasesere wa namna hiyo hasimami bila kuegemezwa.

Wayo wa mwanamke wa sentimita 24 ukigawanywa kwa 6 ni sentimita 4. Ngozi ya milimita 3 yapasa ikwanguliwe mpaka nusu milimita, la sivyo kubadhi huonekana kama ubao. Fundi alikataa mwanzo. Wazo la kumchongea kalibu ya mti, umbo la mguu la kushonea kiatu, lilikuwa langu, na katibu ni shahidi. Sasa gidamu inapita baina ya vidole barabara. Ni kweli, kubadhi halimfai askari, hilo sibishani. Lakini zile buti za ngozi bandia, kwa unyevu wa pwani yetu, humenyeka zikiwa rafuni. Heri kiatu kimoja cha ngozi ya kweli.

Kuhusu nguo, leso yetu ya sentimita 150 kwa 110 huwa 25 kwa 18 hivi, lakini maua yake hayapungui. Ukikata leso ya dukani, mwanasesere hubeba ua moja mgongo mzima. Tumieni pamba ya vijiua vidogo, pindo lichorwe kwa mkono. Buibui lifuliwe mpaka maji yatoke meupe, kisha litiwe bafta ndani, kwani rangi nyeusi hupenya kwenye mwili wa silikoni na haitoki. Waliopuuza waraka wangu wameshaona mapaja ya wanasesere wao.

Hesabu: salio la mwaka jana Sh 11,500, ada 28,800, mauzo ya mezani 14,200, jumla 54,500. Ngozi, kalibu na fundi 31,000, vitambaa na uzi 6,700, chumba na chai 9,400, jumla 47,100. Limebaki 7,400. Ada kamili ya wanachama 24 ingekuwa 57,600. Tisa wamelipa yote, sita nusu, tisa hawajatoa hata senti, na miongoni mwao wamo wanaonihoji kwa sauti kubwa kuhusu Sh 31,000. Mahudhurio nayo ni aibu. Kikao cha ushonaji tulikuwa watu wanne, na mmoja alikuja kufuata ufunguo wake.

Mwaka ujao, inshallah, twatumaini kupata fundi wa buti, na pengine kabati lenye kioo. Mungu akijalia twaweza pia kualika wenzetu wa Malindi.

Taarifa naiweka mbele yenu. Maswali ya ngozi yaulizwe hapa mkutanoni, si barazani baada ya isha.

Mwenyekiti