Usiliache darasa la kuchora

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, ila bibi yako goti linamsumbua kama kawaida yake kila masika. Uliloniambia kwenye simu halijanitoka kichwani. Eti umeacha darasa la kuchora vitu halisi kwa kuwa usurealisti, huo uchoraji wa mambo kama ya ndotoni, hauhitaji kitu kifanane na kitu. Nani kakudanganya?

Uko Brussels, mama, mji aliofanyia kazi René Magritte, mchoraji mkubwa wa huo usurealisti wako. Nenda makumbusho yake ukasimame mbele ya Himaya ya Mwanga, ile ya 1954. Juu ni mbingu ya mchana, buluu na mawingu meupe; chini nyumba imo gizani na taa ya barabarani inawaka. Usiku ule ungechorwa ovyo, jicho lingeona rangi tu likapita zake. Linanasa kwa sababu haliwezi kuukataa usiku wala mchana.

Na ile ya 1933, Hali ya Mwanadamu? Turubai limesimama dirishani, mandhari yaliyochorwa juu yake yanaungana na ya nje bila kuachana hata kidogo. Kinachofichua ni ukingo mweupe wenye vijimisumari, na miguu ya stendi. Unaapa kuna mti nyuma ya turubai, kumbe hata huko "nje" ni rangi tupu. Mkono usioujua mti hauwezi kukuchezea hivyo. Rudi darasani.

Wala usione kuchora vitu halisi ni kazi ya chini. Magritte alichora karatasi za ukutani kiwandani na matangazo ya biashara ili apate riziki, kama mimi na mabango yangu.

Ile picha yako ya jahazi lililotia nanga sebuleni bado naionyesha kila anayekuja kuandikiwa bango. Juzi nahodha mmoja aliifuata kamba moja moja kwa kidole, akasema jahazi hili linasafiri. Hakuuliza limeingiaje sebuleni! Kamba zile ulizijua. Leo hutaki kukaa chini ujifunze mkono wa mtu unavyokunjika? Uvivu huo sikuutarajia kwako.

Mpangaji wa chumba cha uani amelipa kodi, nimebadilisha bati la jikoni lililokuwa likivuja. Mdogo wako anataka rangi zako zilizobaki. Nimemwambia akuombe mwenyewe. Mama yako anauliza kama umepata koti zito. Nijibu yote mawili, la darasa kwanza.

Baba yako