Kasri la watoto lisikunjwe likiwa na maji likaachwa stoo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaokodisha makasri ya upepo ya kurukia watoto, yale ambayo mitaani huitwa baunsi, na pia na wazazi wanaoyakodi. Mvua za Septemba hadi Novemba zinayaharibu makasri mengi, ingawa mvua yenyewe haitoboi turubai. Yanaharibika saa moja jioni: sherehe imekwisha, giza linaingia, gari linasubiri, vijana wamechoka, na kasri linakunjwa likiwa bado na maji tumboni.

Kasri si puto. Limeshonwa, na hewa hutoka kwenye matundu ya mishono muda wote, ndiyo maana bloa, ile mashine ya kupuliza hewa, haizimwi wakati watoto wanacheza. Bloa ikizimwa, maji ya mvua hupita kwenye matundu hayo hayo kuingia ndani na kutuama katika vyumba vya sakafu. Ukifuta juu kwa kitambaa utaona pakavu, kumbe chini kuna vikombe kadhaa vya maji. Siku mbili zikipita katika joto la stoo, kuvu huanza: vidoa vyeusi kando ya mishono na harufu ya nguo zilizovundika. Kuvu unaweza kuiua, lakini weusi ukishazama kwenye PVC, plastiki ya turubai, mara nyingi hautoki tena. Baya zaidi, kila bloa inapowashwa, vumbi la kuvu husukumwa nje kupitia mishono, usoni kwa watoto. Kwa mtoto mwenye pumu hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo kukunja kasri bichi kunaruhusiwa kwa kulisafirisha hadi nyumbani tu. Asubuhi yake lifunguliwe, hata kama hakuna mteja wa siku hiyo. Lijaze upepo, futa juu na pembeni kwa taulo, kisha fungua zipu za kutolea hewa kidogo huku bloa ikiendelea, ili hewa yenye unyevu ipate njia. Inua upande mmoja maji yakimbilie kwenye zipu. Jua likiwaka, saa tatu au nne hutosha. Siku ya mawingu panga siku nzima chini ya banda. Usiamini macho. Zima bloa, ingiza mkono ndani ya zipu hadi kona ya chini kabisa ya sakafu, na ukandamize karatasi ya tishu kwenye mshono. Tishu ikilowa, kazi haijaisha.

Kuosha kuje kabla ya kukausha, na kuanze kwa ufagio. Mchanga wa fukwe za ziwa, kama kule Entebbe, ukibaki kwenye kona husaga turubai kila mtoto anaporuka. Udongo mwekundu uachwe ukauke kwanza, upigwe brashi, ndipo uoshwe; ukiusugua ukiwa tope unaupaka tu. Tumia ndoo mbili za lita 20, moja ya maji ya uvuguvugu yenye vijiko viwili vya sabuni ya maji, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Brashi iwe laini, uanzie juu ya kuta ushuke. Sabuni ikibaki, sakafu huteleza na kunasa uchafu upya. Penye mkojo au matapishi, futa, osha kwa sabuni, kisha paka dawa ya kuua vijidudu isiyo na klorini, uiache kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa na usuuze vizuri, maana watoto wadogo hulamba wanachoshika. Kuvu changa ipake siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ngoja nusu saa, usugue.

Jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, wengi wanaipenda kwa sababu inang'arisha. Waiache. Hukausha turubai, hudhoofisha uzi wa mishono, na ikikutana na siki au mkojo hutoa hewa ya sumu inayokaba kifua. Petroli na thina za kutoa gundi au wino hulainisha PVC, ikanata, kisha ikapasuka. Na tafadhali, msipeleke kasri kwa waoshaji wa magari: ile mashine ya maji ya kasi huingiza maji ndani ya mishono na kuifumua.

Kukunja kwenyewe ni kazi ya watu wawili au watatu, kwa sababu hata kasri dogo la mita 4 kwa 4 linaweza kukaribia kilo 100. Hakikisheni hakuna mtoto ndani kabla ya kuzima bloa. Fungueni zipu zote, ondoeni bloa, laza kuta ndani juu ya sakafu, kisha leteni pande mbili katikati hadi upana ushuke kwenye mita moja hivi. Anzeni kuviringisha upande ulio mbali na mrija wa bloa, ili hewa ikimbilie kwenye mrija, huku mkikandamiza kwa magoti kila mzunguko. Ukianzia kwenye mrija hewa inakosa pa kutokea, furushi linavimba, na mkoba hautoshi. Tandikeni turubai la zamani chini; kuburuta kwenye changarawe ndiko kunakotoboa sakafu.

Stoo iwe kavu, na furushi likae juu ya paleti, mbali kidogo na ukuta. Panya hufuata makombo ya popkoni na keki yaliyosahaulika kwenye mikunjo, na hutafuna tabaka kadhaa kwa usiku mmoja. Mkifungua mnakuta tundu lile lile limejirudia mara tano au sita. Mchwa nao hupanda kutoka sakafu ya udongo. Msipange viti wala jenereta juu yake. Kasri lisilotoka kwa miezi miwili lifunguliwe, lipulizwe, likunjwe upya kwa mikunjo tofauti.

Wazazi, kasri likifika nyumbani kwenu, likipulizwa inameni mnuse karibu na mishono ya sakafu kabla watoto hawajavua viatu. Likinuka kuvu, mna haki ya kulikataa. Na mvua ikinyesha wakati wa sherehe, mkubalieni mwenye kasri aje kulichukua kesho yake saa nne asubuhi likiwa limekauka hapo hapo uwanjani, badala ya kumharakisha usiku.

Msomaji wako,
Jinja