Sadaka isiwe chenji iliyobaki

Mhariri,

Sadaka nyingi hutoka mfukoni dakika ile ile kikapu kinapopita, tena kwa noti ndogo iliyokunjwa mara nne. Hapo mtu hajatoa, amejiondolea aibu tu. Paulo aliwaelekeza Wakorintho njia nyingine (1 Wakorintho 16:2): kila siku ya kwanza ya juma, kila mmoja aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Kwa vitendo, fedha itengwe siku ile mapato yanapoingia, kabla ya matumizi, katika bahasha ya peke yake. Anayesubiri kitakachosalia mwisho wa mwezi hukuta hakuna, na si kwa ubahili. Matumizi hayana adabu, humeza chochote kilicho karibu.

Kiasi gani? Fungu la kumi ni kianzio kizuri, lakini asilimia 10 ya mwenye vingi huenda isimguse kabisa. Mjane wa Marko 12 alitia lepta 2 tu, yaani sarafu mbili ndogo, akasifiwa kwa kuwa hakubakiza kitu. Tazama ulichojinyima baada ya kutoa.

Ila kukopa ili utoe, au kutia kikapuni ada ya shule ya mtoto, si sadaka: anayelipa ni mwingine. Na wahubiri wanaopenda kumtaja mjane huyo wasome pia mstari wa 40 wa sura hiyo hiyo, unaowakemea wanaokula nyumba za wajane. Fedha ihesabiwe na watu wawili au zaidi, iandikwe, na hesabu isomwe mbele ya waumini. Hata Paulo hakuubeba mchango peke yake (2 Wakorintho 8:19-21).

Ni mimi msomaji wenu.